Sura ya 7: Wa Ziwa au wa China?

Kuna swali ambalo akina mama wanaouza samaki katika soko la Muthara, huku Tigania, Meru, huulizwa hata kabla ya bei. Mnunuzi husimama mbele ya meza, humbonyeza samaki kwa kidole, humpindua, kisha huuliza: "Mama, huyu ni wa ziwa au wa China?" Na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, hujibu: "Wa ziwa, kastoma wangu. Mimi siuzi wa China."

Nimelisikia jibu hilo meza ya kwanza, nikalisikia meza ya pili, nikalisikia na ya tatu. Ukiziamini meza zote, basi hakuna samaki wa China aliyewahi kupanda hadi Tigania. Lakini pale meza ya tatu mama alikuwa amebanjua katoni na kuitandika chini ili asikanyage tope, na ubavuni mwa katoni, chini ya alama ya kiatu, palisomeka Kichina, kisha Kiingereza: uzito kilo kumi, tarehe ya kugandishwa, nambari ya kiwanda. Aliponiona nikiinama kusoma alicheka. "Hiyo nimeokota tu kule kwa jumla," akasema. "Huku kuna matope."

Huenda alisema kweli. Hata kama si kweli, siwezi kumlaumu sana, maana naye aliuziwa kwa maneno, bila karatasi, na mtu aliyeuziwa kwa maneno vilevile.

Swali la mnunuzi huyo lina mambo matatu ndani yake. Anataka kujua kama samaki ni mzuri, hajaoza wala kutiwa dawa. Anataka kujua kama bei ni ya haki, kwa kuwa wa ziwa huuzwa ghali kuliko wa kugandishwa. Na bila kukusudia anagusa jambo la tatu: aliyemtoa huyu samaki majini alikuwa na ruhusa? Hilo la tatu huulizwa kwa nadra, nami nitakaa nalo sura nzima.

## Ng'ombe ana alama, samaki hana

Tuanze na jambo ambalo mtu wa Tigania hahitaji kufundishwa. Mtu akikuletea fahali sokoni kwa bei ya kutupa, hutoi pesa kwanza. Unatazama alama ya chuma ubavuni, unauliza ametoka boma la nani, unataka kuona kibali cha kumsafirisha. Wizi wa mifugo kati ya huku juu na nyanda za Isiolo umewafunza watu kwamba anayenunua bila kuuliza anaweza kuamshwa usiku na wenye mali waliofuata nyayo hadi mlangoni pake.

Kwa samaki, kufuata nyayo huko ndiko wataalamu wanakokuita ufuatiliaji wa asili. Ni uwezo wa kumshika samaki aliye mezani na kurudi naye nyuma, hatua kwa hatua: aliyemuuza kwa jumla, lori lililomleta, aliyemnunua ufuoni, mashua iliyompakua, na maji alimovuliwa. Nyayo zenyewe ni karatasi: risiti, daftari la ufuo, hati ya usafirishaji, kibandiko cha katoni.

Ugumu ni kwamba huwezi kumchoma samaki alama ya chuma, na mmoja peke yake hana thamani ya kuandikiwa cheti. Kwa hiyo hufuatiliwa kwa fungu. Fungu ni samaki wote waliopakuliwa mahali pamoja, siku moja, chini ya karatasi moja. Wakibaki pamoja, karatasi inasema kweli. Wakichanganywa na fungu jingine, karatasi zote mbili hazina maana tena. Neno hili, fungu, lishike vizuri, litarudi.

Uvuvi haramu nao, kwenye nyaraka za serikali, una jina refu: uvuvi haramu, usioripotiwa na usiodhibitiwa. Haramu ni kuvua bila leseni, kwa nyavu zilizokatazwa, au kuvua wachanga. Usioripotiwa ni kuvua tani kumi ukaandika sita. Usiodhibitiwa ni kuvua mahali pasipo na mwenye kuhesabu, au kwa meli ambayo hakuna nchi inayokubali kuwa ni yake. Si ajabu kuyakuta yote matatu ndani ya meli moja, kama tutakavyoona.

## Ulaya ilipofunga mlango

Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, si mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Aliingizwa miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa asili hadi aina nyingi zikatoweka, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwani. Viwanda vya minofu vikaota Kisumu, Mwanza na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Kilichobaki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, kikakaangwa na kuuzwa huku kwetu kwa jina la mgongo wazi. Jina halifichi kitu: unalipia mifupa iliyoachwa na mtu mwingine.

Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikataa minofu ya Ziwa Viktoria kwa sababu ya bakteria wa salmonela. Mwaka uo huo ukielekea mwisho, kipindupindu kikiwa kimezuka Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ukaweka kizuizi kingine. Mwaka 1999 kikaja cha tatu, na hiki ndicho kilichouma zaidi: habari kwamba kulikuwa na wavuvi, hasa upande wa Uganda, waliomwaga dawa ya kuua wadudu majini ili samaki waelee wawaokote. Kenya ilikaa nje ya soko hilo hadi mwishoni mwa 2000.

Tazama kilichotokea. Mvuvi wa Mbita ambaye hajawahi kushika chupa ya dawa alifungiwa soko pamoja na aliyeimwaga ng'ambo ya ziwa. Ulaya haikuweza kusema ufuo huu ni safi na ule ni mchafu, kwa sababu hakuna aliyeweza kuionyesha mnofu gani umetoka ufuo gani. Samaki asiye na nyayo huadhibiwa kwa makosa ya wenzake wote.

Funzo lilieleweka haraka, kwa kuwa lilikuja na hasara. Fuo za kupakulia samaki wa kiwandani zikajengewa mabanda ya saruji, zikawekewa barafu na wakaguzi. Daftari likaanza kujazwa: mashua, tarehe, kilo, wakala, gari. Mwaka 2007 Kenya ikatoa kanuni za vikundi vya kusimamia fuo, maarufu kama BMU, ambamo wavuvi, wenye mashua na wachuuzi wa ufuo mmoja hukaa pamoja na kuandikishana. Kwa samaki wa bahari, Ulaya nayo ikaongeza sharti lake kuanzia tarehe 1 Januari 2010: hakuna samaki wa kuvuliwa baharini anayeingia bila cheti cha uvuvi, yaani hati iliyothibitishwa na nchi ya meli kwamba alivuliwa kihalali.

Mpangilio ukawa mzuri. Ila ulijengwa kwa ajili ya samaki anayeondoka.

## Waliokataliwa huenda wapi?

Kanuni ya mbuta nchini Kenya ni ya sentimita. Anayeruhusiwa ni wa sentimita 50 hadi 85. Chini ya hapo bado hajapata nafasi ya kuzaa. Juu ya hapo ndiye mzazi mkubwa, anayetaga kwa wingi. Kiwanda kinachouza nje kinajua mkaguzi yuko mlangoni, hivyo hakithubutu kumpokea wa sentimita 35.

Je, huyo wa 35 hurudishwa majini? Amekwisha kufa. Hukaushwa, hufukizwa moshi au hukaangwa, hupakiwa kwenye magunia na makreti, na hupelekwa kule ambako hakuna anayesimama na rula. Ukali wa upande mmoja humsukuma mchanga upande wa pili, na upande wa pili ni sisi: masoko ya ndani, yaliyo mbali na ziwa. Kutoka Kisumu hadi Muthara ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, na hakuna atakayesafiri kilomita hizo kuja kupima samaki kwenye karai.

Watanzania walijaribu kupima, na kisa chake bado kinachekesha. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, msako dhidi ya uvuvi haramu chini ya Waziri Luhaga Mpina, maofisa wa uvuvi waliingia kantini ya Bunge, Dodoma, wakapima samaki kwa rula. Wabunge wakachachamaa. Watu walicheka wiki nzima, na mimi nilicheka pia, lakini baadaye nilijiuliza: kama rula ni halali ufuoni, kwa nini iwe kituko mezani? Kosa la maofisa wale, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenda kutafuta mwishoni kitu kilichopotea mwanzoni. Rula ilimwonyesha mchanga. Haikuonyesha aliyemvua.

Kwa ufupi hadi hapa. Samaki hufuatiliwa kwa fungu, si mmoja mmoja. Mpangilio wa kufuata fungu ulijengwa Ziwa Viktoria baada ya Ulaya kufunga soko kati ya 1997 na 2000. Unamlinda mlaji wa nje. Samaki aliyeukosea mpangilio huo hafi njaa ya soko. Anakuja kuliwa nyumbani.

## Mgeni mwenye kitambulisho

Sasa turudi kwenye ile katoni ya matopeni, kwa sababu ina kichekesho chake.

Tilapia wa China hufugwa kwenye mabwawa, hasa majimbo ya kusini kama Guangdong na Hainan. Hutolewa magamba, matumbo na mashavu, hupangwa kwa ukubwa unaolingana, hugandishwa na kuja kwa kontena hadi Mombasa. Kenya imemnunua kwa miaka mingi, kwa sababu walaji wameongezeka na samaki wa ziwa wamepungua. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizungumza hadharani dhidi ya biashara hiyo, na marufuku ikatangazwa, haikudumu. Samaki yule akaendelea kuja.

Watu wengi huku hudhani samaki wa China ndiye haramu. La hasha. Aliyepita bandarini na kulipiwa ushuru ni halali kama kitambaa cha kitenge au tairi ya bodaboda. Na ukimweka kando ya tilapia anayeitwa wa ziwa, utaona jambo linalotia haya. Wa China ana jina lake la kisayansi kwenye katoni, ana nambari ya kiwanda kilichomgandisha, ana tarehe ya kutengenezwa na ya kuharibika. Wa ziwa ana neno la mama tu. Mgeni ana kitambulisho. Mwenyeji anatembea bila.

Haramu huanza pale mgeni anapovuliwa kitambulisho. Katoni inafunguliwa nyuma ya duka, samaki wanayeyushwa barafu, wanamwagwa kwenye karai la samaki wengine, na mara wote wamezaliwa Kisumu. Mlaji anaibiwa bei. Mvuvi wa kweli anaibiwa jina.

Utasema: si kuna maabara? Kuna kipimo cha vinasaba, yaani maandishi madogo yaliyo ndani ya kila chembe ya mwili, ambayo hutofautisha aina moja ya kiumbe na nyingine. Kipimo hicho hufanya kazi nzuri ukitaka kujua kama mnofu ulioandikwa jodari ni wa papa. Lakini kwa tilapia wetu kinagonga mwamba. Tilapia anayefugwa China kwa wingi ni tilapia wa Nile, na tilapia aliyejaa Ziwa Viktoria leo ni yuleyule wa Nile, aliyeingizwa huko miaka ya 1950 karibu pamoja na mbuta. Kipimo cha kawaida kitakuambia ni aina moja, na kitakuwa kimesema kweli bila kukusaidia. Macho nayo yanasaidia kiasi: wa ziwa kwa kawaida huja wakiwa wakubwa kwa wadogo, mashavu yakiwemo, wa katoni hulingana kama sare za shule. Akishakaangwa, hata dalili hizo zimekwisha. Tunarudi palepale, kwenye karatasi.

## Samaki wa Magufuli

Baharini mambo ni makubwa zaidi. Machi 2009, doria ya pamoja ya nchi za kusini mwa Afrika ilikamata meli iitwayo Tawariq 1 ikivua katika bahari ya Tanzania bila leseni. Ilivutwa hadi Dar es Salaam ikiwa na zaidi ya tani 290 za samaki, wengi wao jodari. Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo alikuwa John Magufuli, na samaki walipogawiwa kwa taasisi za umma, mji mzima ukawaita samaki wa Magufuli.

Kesi haikuwa nyepesi kama kula jodari. Jina lenyewe la meli na nchi yake vilibishaniwa. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wake, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo kwa kasoro za utaratibu wa kesi. Samaki walikuwa wamekwisha kuliwa zamani. Ndiyo tabia ya ushahidi huu: unaoza, au unapikwa, na kinachobaki mbele ya jaji ni makaratasi. Meli inayobadilisha jina kama kinyonga inajua hilo.

Ndiyo maana juhudi za miaka ya karibuni zimehamia bandarini. Huwezi kulinda maili 200 za bahari kwa mashua chache za doria, lakini kila meli lazima ipakue mahali. Mwaka uleule wa 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilipitisha mkataba wa hatua za nchi ya bandari: meli ya kigeni ikiomba kutia nanga, nchi mwenyeji iikague kwanza, na ikiwa na samaki wa mashaka inyimwe kupakua. Mkataba ulianza kutumika mwaka 2016, na Kenya ikajiunga 2017. Kwa lugha ya Tigania, ni kukubaliana kwamba hakuna soko litakalopokea ng'ombe asiye na kibali.

## Mahali nyayo zinapofutika

Fuata sasa kreti moja ya tilapia kutoka ufuo wa Dunga, nje kidogo ya Kisumu, hadi kwenye sufuria yako.

1. Ufuoni samaki hupimwa na daftari la BMU huandikwa. Hapa fungu lipo.
2. Mchuuzi hununua kutoka mashua tatu au nne ili ajaze kreti. Fungu limechanganywa mara ya kwanza, lakini angalau bado ni la ufuo mmoja na siku moja.
3. Gari hupita fuo nyingine njiani. Kreti zinafanana. Hati ya usafirishaji, kama ipo, inasema "samaki" na idadi ya kilo.
4. Gikomba, Nairobi, ambako samaki wa kila mahali hukutana alfajiri: wa Viktoria, wa Naivasha, wa mabwawa, wa katoni. Samaki humwagwa, huchaguliwa kwa ukubwa na kuuzwa upya kwa ndoo. Hapa ndipo fungu linapokufa.
5. Mfanyabiashara wa jumla huwaleta Meru mjini. Anajua alinunua kwa nani. Hajui zaidi.
6. Mama wa Muthara hununua ndoo moja kwa pesa taslimu au kwa M-Pesa. Ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake ndiyo karatasi pekee ya safari nzima inayobaki na tarehe.

Hatua ya nne ndiyo ya kurekebisha, na haihitaji setilaiti. Inahitaji kreti yenye kibandiko kinachotaja ufuo na tarehe, na mwiko mmoja: kreti isimwagwe kwenye nyingine bila vibandiko vyote viwili kwenda pamoja. Watu wa miraa wanaweza kutufunza. Kila kibunda kina shamba lake, na wapo wazee wanaojigamba kwamba wakitafuna jani moja watakuambia kama limetoka Lare au Mutuati. Biashara ile imejengwa juu ya kujua asili, kwa sababu asili ndiyo bei. Kwa samaki, asili bado ni porojo ya kumridhisha mteja.

## Bwawa la jirani

Kuna samaki mmoja huku ambaye swali la asili halimsumbui. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuinua uchumi, na ufugaji wa samaki ukawa sehemu yake: mabwawa 200 ya mita za mraba 300 katika kila eneo bunge kati ya yale 140 yaliyochaguliwa kwanza. Meru ilichangamka, ingawa ni nchi ambayo vizazi vya nyuma havikumhesabu samaki kuwa chakula. Kikajengwa na kiwanda kidogo cha kusindika samaki Kanyakine, Imenti Kusini, kimoja kati ya vinne nchini.

Mabwawa mengi baadaye yalikauka au yakageuka makao ya vyura, hasa kwa sababu chakula cha samaki ni ghali. Yaliyobaki yana kitu ambacho hata Dunga haina: mnunuzi anaweza kusimama ukingoni na kuona wavu ukitolewa. Fungu ni bwawa, na bwawa halichanganyiki. Mfugaji anayejua hivyo angeandika jina la kijiji chake kwenye mfuko na kuongeza bei, na asionewe.

Upande wa Embu nako kuna maji ya karibu, mabwawa ya umeme ya Mto Tana: Masinga la mwaka 1981, Kamburu, Kiambere. Wavuvi wapo, na samaki wao hufika masokoni pia, wakiitwa nini? Wa ziwa. Neno hilo limebeba Viktoria, Turkana, Naivasha na Masinga kwa pamoja, kwa hiyo halikuambii chochote.

Basi siku nyingine ya soko, jaribu hivi. Mwombe mama akuonyeshe kifuniko cha katoni au risiti ya kule kwa jumla, kwa adabu, na umnunue hata kama hana, ili mara ya pili aitunze akijua kuna anayeitaka. Akimuuza wa China kama wa China, mlipe bila kumkejeli. Na akikuambia ni wa ziwa, muulize ni ziwa gani, ufuo gani, na alipakuliwa lini.